Meneja, Huyo Dada Ni Mkeo!

—Dada, samahani, bosi wako amesema utatuletea taulo nyingine.

Bibie alikuwa amepiga magoti kando ya jakuzi, mikono imezama hadi viwikoni, anasugua utando wa mafuta ulioganda ukingoni. Akainua uso. Mbele yake alisimama bi harusi, mgeni aliyefika jana na mumewe kwa fungate, anatabasamu kwa adabu.

—Bosi wangu yupi?

—Si yule kaka, Meneja. Mwenye nyumba.

—Huyo ni mume wangu.

Tabasamu la bi harusi likayeyuka. Akatazama brashi, akatazama ndoo, kisha akaiona pete ya ndoa iliyovuliwa na kuwekwa kando isiharibiwe na dawa ya maji.

—Nisamehe, dada'ngu. Asubuhi mezani nilimwuliza mkewe yuko wapi. Akasema bado anatafuta. Akasema wewe ni dada wa usafi.

Bibie aliinuka, akajipangusa mikono kwenye gauni, akavaa pete yake. Kifua kilimwaka kama aliyemeza kaa la moto.

Nyumba ile aliachiwa na shangazi yake. Ni yeye na mumewe walioigeuza kuwa ya wageni, kitanda na kifungua kinywa. Wazo la jakuzi ndilo lililokuwa la mumewe. "Siku hizi mgeni hafuati mayai na mkate, Bibie, anafuata maji ya moto na mapovu," alisema. Jakuzi likaja, na kazi yote ikamwangukia mke. Wageni wakiondoka, yeye ndiye aliyechomoa chujio na kuliosha, akapima maji, akatia dawa, akaburuta kifuniko kizito kama godoro lililolowa. Vidole vilimchubuka. Mumewe alinyoosha mashati, akapokea wageni mlangoni na kujirekodi video za "Karibuni kwangu!" Cheo cha Meneja alijipa mwenyewe, na mtaa mzima ukakimeza.

Na ni yeye aliyemwita mkewe Bibie, tangu enzi za uchumba, kwa sauti ya kubembeleza. Kumbe Bibie alikuwa wa chumbani tu. Sebuleni ni dada wa usafi!

Akachukua simu, akaandika: "Jakuzi limefungwa. Wageni waliopita waliingia na mafuta mwilini, maji yameharibika. Na uje unieleze mimi ni nani wako."

Simu ikaita hapo hapo.

—Bibie, umefunga nini? Hawa maharusi nimewaahidi jakuzi leo! Nataka niwarekodi video!

—Maji yana ukungu, yananuka. Nayamwaga, nasugua, najaza mapya. Wataingia kesho.

—Washa mapovu. Nani ataona ukungu?

—Wakiwashwa ngozi?

—Watawashwa wakiwa kwao! Usiniharibie jina!

—Na swali langu lingine?

—Ile ni lugha ya biashara tu, mke wangu. Tutaongea nikifika.

—Lugha ya biashara! Haya, njoo.

Akaja kweli, shati jeupe, manukato ya kumtangulia. Hakumwangalia mkewe. Alikwenda moja kwa moja kwenye jakuzi, akawasha pampu, mapovu yakafumuka, akainua simu juu.

—Karibuni, maharusi wetu! Maji yamekolea!

Bwana harusi na mkewe wakatoka na taulo zao. Bibie akasimama katikati ya njia.

—Hamuingii. Maji haya ni machafu.

Meneja akacheka kile kicheko chake cha mbele za watu.

—Dada, tafadhali, pisha wageni.

—Umeniitaje?

—Usinifanyie vituko mbele ya—

—Nimekuuliza, umeniitaje? Tumetoka tumbo moja mimi na wewe? Ulipovunjika mguu nani alikubeba mgongoni kukupeleka msalani? Dada wa usafi? Unalala kitanda kimoja na dada wa usafi?

—Punguza sauti!

—Sipunguzi! Nyumba ya shangazi yangu hii, nitapiga kelele mpaka bati litikisike!

Akazima pampu, akainama, akafungua koki ya kutolea maji. Mapovu yakashuka, na kila mtu akaona maji yale yalivyokuwa, kijivu, na mstari mweusi wa mafuta ukibaki ukutani mwa jakuzi kadiri yalivyopungua.

Bwana harusi akasogea, akachungulia.

—Kaka, ulitaka mke wangu aoge humu?

—Na chai ya asubuhi hujaimaliza, ukatupa somo zima, eti mke ni wa kuheshimiwa, —bi harusi akadakia. —Mke gani sasa, huyu unayemficha?

Simu ilimteremka Meneja mkononi. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

—Wageni wa kwanza walikukuta umelowa chapachapa, una brashi. Wakauliza kama ni mfanyakazi. Nikaona haya, nikasema ndiyo. Baada ya hapo nikashindwa kurudi nyuma.

—Uliona haya. Kazi inayokupa shati jeupe unaionea haya. Nenda kwa mama yako.

—Bibie...

—Jina hilo usilitaje! Nenda.

Akaenda. Jioni mama mkwe akapiga simu.

—Mwanangu, mumeo yuko hapa analia.

—Mama, nakuheshimu, lakini usinibembeleze.

—Nani anakubembeleza? Nimempa chai, pole sijampa. Nimemzaa mimi, lakini leo namwonea haya. Akae hapa mpaka akili imrudi.

Bibie alicheka, kisha akalia, kwa sababu alimpenda mpumbavu yule na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kesho yake maharusi wakaingia kwenye maji safi, nao wakaondoka wakimkumbatia yeye. Siku zikapita. Akawa anapokea wageni mwenyewe, mlangoni, na gauni lake lililolowa. Hakuna aliyekimbia.

Ndipo ikaingia video kwenye simu yake. Meneja, bila manukato ya maneno, anawaambia watu wote kwamba nyumba ni ya mkewe, jakuzi linatunzwa na mkewe, na yeye aliwadanganya. Chini yake ujumbe: "Umeiona?"

Akajibu: "Nimeiona. Umewaambia wageni. Mimi hujaniambia kitu."

Asubuhi iliyofuata geti likagongwa.

—Nani?

—Mimi.

—Mimi nani? Wageni hujitambulisha hapa.

—Mume wako.

—Sisikii.

—Mume wako!

—Mume wa nani? Majirani nao wana masikio, waambie!

Ng'ambo ya barabara pazia lilisogea. Muuza duka akatoka nje kabisa, mikono kiunoni.

—Mimi ni mume wako! —akapaza sauti mpaka ikakatika. —Nilikukana nyumbani kwako na nimekosa! Wewe ni mke wangu, na sina mwingine!

Muuza duka akapiga makofi. Bibie alishika kitasa muda mrefu, hasira bado haijamwisha. Kisha akafungua. Hakutabasamu, lakini alifungua.