Ng'ombe Kumi na Wanne wa Elina

Naapa mbele ya mashine hii ya kopi, iliyozimika pamoja na umeme wa Bariadi, kwamba kila neno hapa ni kweli tupu. Mimi Ngeleja nilipima pamba miaka thelathini na sikuongeza hata nusu kilo isiyohitajika. Atakayenikamata na uongo, jogoo wangu mwekundu ni wake. Na kwa kuwa Elina, mwenye steshenari, ameenda kununua chakula, acheni niwasimulie habari zake mwenyewe wakati tukingoja umeme.

Ilikuwa siku ya gulio, stendi imejaa, kijana mmoja, Luhaga, akaingia humu jasho linamtiririka. Shati jeupe la kuazima, mikono haifiki viganja, viatu vimebeba vumbi lote la kijijini kwao Sapiwi. Elina alikuwa nyuma ya meza hii, gauni la kitenge cha njano, kalamu mbili amezichomeka kwenye nywele.

“Mwangaluka, mayu,” akamsalimu Kisukuma. “Nataka picha za pasipoti.”

“Mwangaluka. Kaa hapo. Usicheke, picha hizi hazitaki meno.”

“Wewe ndiye unayenichekesha.”

“Sijasema kitu.”

“Hizo kalamu. Moja ni ya kuandikia, nyingine ya kuchomea wateja?”

Alipigwa picha mara saba, maana sita za mwanzo zote zilitoka na meno. Alikuwa anakwenda nchi ya baridi kukamua ng'ombe kwa mkataba, na Elina ndiye aliyemjazia fomu, akimsomea swali moja moja.

“Una mke?”

“Bado. Mnaandikisha hapa?”

“Naandika hajaoa. Swali linalofuata.”

Viza ilichukua miezi mitano. Kila wiki Luhaga alikuja kutoa kopi: ya cheti cha ubatizo, ya kadi ya kliniki, mwishowe kopi ya kopi. Mwezi wa nne wa kungoja, wazee wa Sapiwi wakaswaga ng'ombe kumi na wanne wa mahari hadi Nkoma, kwa mzee Ndaki, baba yake Elina. Wakahesabiwa, wakapokelewa, watu wakala. Kwetu hapo mambo yamekwisha: Elina akawa mke wa Luhaga, na ndoa ya kanisani ingengoja arudi. Ile fomu hakuna aliyeikumbuka. Ng'ombe ni mambo ya nyumbani, fomu ni mambo ya serikali; nani angewaza kwamba siku moja vitakutana?

Luhaga akapanda ndege. Kila Jumapili simu.

“Ng'ombe wa huku wako mia nne, mama, na hakuna mwenye jina. Wana namba masikioni.”

“Si uwape majina.”

“Mmoja nimempa lako. Ana mateke huyo.”

“Basi mkamue kwa adabu.”

Elina ndiye aliyemfundisha kujiandaa mapema. Akitimiza miaka mitano angeruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu, kisha amchukue mkewe. “Usitupe hata tiketi ya basi,” alimwambia. Kila mwezi Luhaga alituma picha za salari slipu, za kodi, za mkataba wa chumba. Elina akazichapa, akazitoboa, akazipanga kwenye boksi faili la bluu. Faili likanenepa. Alilipangusa vumbi kama mtu anavyompangusa mtoto uso.

Mwaka wa nne simu ikaja Jumanne mchana.

“Nimeenda kwa wakili, nianze kupanga karatasi. Kaniuliza kama nina mke.”

“Ukasemaje?”

Luhaga akamwuliza kama mvua imenyesha.

“Luhaga, ukasemaje?”

“Nikisema ninaye, na ng'ombe walitoka kabla sijasafiri, basi niliingia kwa fomu ya uongo. Wananirudisha. Nikisema sina, lazima niape.”

“Kwa hiyo unatafuta njia ya kunikana.”

“Elina, nakuomba...”

Elina akakata. Wiki tatu hakupokea simu. Aliwaza mwanamke mwingine, akamvika mawazoni mpaka koti jekundu. Kisha siku moja, akipanga faili kwa mazoea tu, akaifikia karatasi ya chini kabisa, kopi ya ile fomu. Hali ya ndoa: HAJAOA. Herufi kubwa. Vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyochapa, na mwezi ule wa mwisho wa kungoja viza, baada ya ng'ombe kuhesabiwa, hakuwahi kuifungua tena.

Akampigia.

“Umeshaapa?”

“Nimeshindwa. Nitarudi nyumbani, basi.”

“Na wadogo zako wanne unaowasomesha?”

Elina akasikia mashine za kukamulia zikivuma nyuma ya Luhaga.

Jumamosi alikwenda Nkoma, akampigia baba yake magoti.

“Baba, rudisha ng'ombe wa watu. Ndoa ife, Luhaga aape kwamba hana mke bila kusema uongo.”

“Mwanangu, nikiwatoa siwapokei tena. Boma langu si gulio.”

“Najua, baba.”

Ng'ombe wakatolewa alfajiri. Sasa sikilizeni. Luhaga alipopata habari hakuvua hata buti za kukamulia. Ndege, basi la Mwanza, pikipiki; akawakuta ng'ombe njiani, akasimama katikati ya barabara, akawageuza wote kumi na wanne kwa mluzi mmoja. Akaingia nao bomani, pete mkononi, na mzee Ndaki mwenyewe akafuta chozi kwa...

“Mzee Ngeleja.”

Nikageuka. Elina alikuwa mlangoni, sahani ya wali mkononi, kalamu mbili kichwani. Sijui alisimama hapo tangu lini.

“Hakuna aliyewageuza,” akasema. “Nilisimama bomani nikisikiliza kengele zao mpaka zikaisha.”

“Pengine hukuona vizuri, mwanangu. Kulikuwa na vumbi.”

“Ukaazi alipewa baada ya kutimiza miaka mitano. Karatasi zote alizopeleka nilizitoa mimi, kwenye mashine hiyo uliyoiapia. Krismasi hupiga simu. Ananiita dada.”

Watu wote wakatazama sakafu. Nikanyanyuka, nikaenda nyumbani, nikarudi na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Nikamweka juu ya meza. Umeme ulikuwa umerudi. Elina akamkwapua kwa mkono mmoja, kwa mwingine akainua mfuniko wa mashine.

“Nani alikuwa wa kwanza?”

Mtu akatoa cheti chake. Taa ya kijani ikapita chini ya kioo, ikaenda, ikarudi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

“Mzee.”

“Naam, mwanangu.”

“Siku nyingine ukisimulia, pale pa kuwageuza ng'ombe usipatoe.”