Mwanafunzi wa Kiti cha Kumi na Mbili

Mambo yote yalianza na kiti.

Darasa lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima watupu, na viti vya plastiki kumi na viwili, kwa sababu mwenye nyumba alivikodisha kwa dazeni. Alasiri ile, watu walipokwisha kuondoka, Mwalimu alianza kuvipanga kimoja juu ya kingine kama kawaida yake. Alipofika kwenye kile cha nyuma kabisa, ambacho hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu muhula uanze, mkono wake ulisita. Kilikuwa na joto. Jua halikufika pembe ile hata kidogo. Ulikuwa uvuguvugu ule unaoachwa na mtu aliyekaa saa nzima na kuinuka sasa hivi.

"Uchovu huo," alijiambia, akakipachika juu ya vingine, akafunga mlango.

Chumba kile kilikuwa ghorofani, juu ya kiwanda kidogo cha uchapaji, na mashine za chini zilipokuwa zikinguruma, chaki zilicheza kwenye kibweta chake. Mwalimu alifundisha Kiingereza humo kila siku saa tisa alasiri. Sarufi ya wakati uliopita ilikuwa imewachosha wanafunzi wake hadi Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori, akawa anakoroma bila kuona haya. Ndipo Mwalimu alipofukua kwenye sanduku lake kitabu cha hadithi za mizimu za zamani zilizorahisishwa kwa wanaojifunza lugha. Siku aliyosoma hadithi ya kwanza, hakuna aliyekoroma.

Ilikuwa hadithi ya mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba kubwa. Hawezi kuvuka kizingiti mpaka akaribishwe. Mwalimu aliona humo zoezi zuri la adabu za mazungumzo, akagawa darasa mafungu mawili. Nusu walitoka ukumbini, wakagonga na kuomba kuingia. Nusu walibaki ndani, wakaitikia kwa pamoja, kwa Kiingereza, kwamba mgeni anakaribishwa, aingie tafadhali.

"Kamu ini, plizi!" Fundi Cherehani alipiga kelele kuwashinda wote, na ulimi wake mzito uliwavunja mbavu wenzake.

"Tena," Mwalimu alisema. "Kwa sauti. Mkaribisheni kama mnamaanisha."

Walirudia siku nne mfululizo, mlango ukiwa wazi. Alasiri ya siku ya nne ndipo Mwalimu alipokuta kile kiti cha nyuma kina joto.

Siku ya tano, baada ya zoezi, Mzee Breki alimfuata mbele akiwa ameshika kofia yake mkononi. Hakuwa mtu wa kunong'ona, lakini siku hiyo alinong'ona.

"Mwalimu, nyuma yangu anakaa nani?"

"Hakuna mtu, mzee wangu. Wewe ndiye wa mwisho."

"Basi nani anasoma? Tukisema wote, kuna mmoja anamaliza baada yetu. Anachelewa kidogo tu, kama anaonja maneno. Na kuna harufu. Nywele zilizoungua. Hunusi?"

Mwalimu alinusa. Alitaka kusema ni wino wa wachapaji, na alisema hivyo, lakini wino wa wachapaji alikuwa ameuzoea miaka mitatu na haukuwahi kunuka namna ile.

Katika darasa lile alikuwamo muuguzi mmoja, mjane, waliyemwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili wa miaka sita. Ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Alikuwa na mtihani wiki ijayo. Akifaulu angepata kazi katika hospitali ya nchi ya mbali, kwa mshahara mara saba ya ule wa wodini. Alisoma kwa bidii ya kutia huruma, na Kiingereza kilimgomea. Kila sentensi aliivuta kama mtu anayetoa ndoo kisimani.

Jumatatu iliyofuata zamu yake ya kusoma ilipofika, alisimama na kusoma ukurasa mzima bila kukwama.

Wenzake walipiga makofi. Fundi alipiga mluzi. Mwalimu naye alipiga makofi, kisha mikono yake ikapunguza mwendo yenyewe, kwa sababu Mama Pacha alikuwa amefika mwisho wa ukurasa, akafunga kitabu, na bado alikuwa anaendelea. Alizungumza Kiingereza cha kale, laini, cha watu waliokwisha kufa zamani, chenye maneno ambayo Mwalimu mwenyewe aliwahi kuyaona kwenye kamusi tu.

"Dada, umelala na kamusi chini ya mto?" Fundi alimtania.

Mama Pacha aligeuka, akamtazama mdomo wake unavyochezacheza, kwa udadisi, kama mtu anayetazama samaki ndani ya chupa. Hakuwa ameelewa hata neno moja la Kiswahili.

Kesho yake kabla ya darasa, dada yake Mama Pacha alipanda ngazi akihema, amewashika pacha mkono huku na huku.

"Mwalimu, umemfanya nini dada yangu?"

"Keti kwanza, shoga. Kuna nini?"

"Sikai! Tangu juzi hasemi na watoto. Wanamwambia wana njaa, anawatazama tu. Huyu mdogo alianguka akachubuka goti, akamlilia mama yake, mama yake akamjibu kwa kizungu na kucheka. Kucheka, Mwalimu! Sasa wanalala kwangu. Wanasema yule si mama."

Pacha mdogo alijificha nyuma ya sketi ya mama yake mdogo. Yule mkubwa, aliyemzidi mwenzake dakika kumi, alisema polepole, "Mama ananuka moto."

Mwalimu aliwashusha kwa wachapaji, akarudi juu. Mama Pacha alikuwa amekwisha kufika, na hakuna aliyemwona akipita ngazini. Alikuwa amekaa kile kiti cha nyuma, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka.

"Wewe nani?" Mwalimu aliuliza kwa Kiswahili. Alitazamwa mdomo tu. Akauliza kwa Kiingereza.

Kilichomjibu kilijibu kwa upole mkubwa. Kilisema kwamba kilikuwa kimekaa nje ya milango ya watu kwa muda ambao yeye asingeweza kuuhesabu, na hakuna aliyewahi kukikaribisha hata mara moja, lakini humu kilikaribishwa mara mia na ishirini, na kwa heshima, na tafadhali juu yake. Kilisema huyu mama alikuwa akitamani lugha kuliko wote, hivyo kimempa, na mahali pa kuiweka kilipata kwa kuondoa ile nyingine. Watafaulu mtihani, watasafiri pamoja.

"Na watoto?"

Kilimuuliza watoto gani.

Mwalimu hakujua alivyoshuka ngazi. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alikaa kwenye rimu ya karatasi kati ya wachapaji, na dada mtu akimshika mabega, na kwamba aliona aibu kuliko hofu. Yeye ndiye aliyewaambia waseme kwa sauti. Yeye ndiye aliyewaambia wamaanishe.

Wanafunzi wengine walipofika na kuelezwa, Fundi ndiye aliyemjua mtu wa kuitwa. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefua mashuka hospitalini, viganja vimepauka kwa sabuni, na kila mtu alimwita Dobi. Wagonjwa waliosumbuliwa na mambo yasiyo na dawa walipelekwa kwake kimyakimya kupitia mlango wa nyuma wa chumba cha kufulia. Alikuja na aproni yake ya mpira, akasimama mlangoni, akanusa mara moja.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Huyu ameingia kwa mwaliko. Mlimkaribisha kwa lugha gani?"

Walimweleza.

"Hapo basi mmenifunga mikono. Mimi nitamshika asikimbie na mwili wa mwenzenu, lakini kumtoa mtamtoa nyinyi, kwa lugha ileile, wote mliomwita. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu."

Waliingia wote kumi, na Mwalimu, na Dobi nyuma yao akafunga madirisha moja baada ya jingine, kisha mlango. Chini, mashine za uchapaji zilinyamaza, ingawa hakuna aliyezizima. Dobi alikwenda hadi kwenye kiti, akamshika Mama Pacha mikono yote miwili, na mvuke ukapanda kutoka kwenye viganja vyake kama nguo mbichi chini ya pasi. Alikaza meno, hakuachia.

"Haraka," alisema.

Wanafunzi walitazamana. Mzee Breki alianza kwa sentensi ya adabu waliyofundishwa: tafadhali, je, ungeweza kuondoka? Wengine wakaidaka, wakairudia kwa pamoja, na kutoka kwenye kiti kikaja kicheko kidogo cha mtu mzima anayefurahishwa na watoto. Kikajibu kwamba hilo lilikuwa ombi, na limetungwa vizuri, na kinalikataa kwa shukrani.

Muhula mzima Mwalimu alikuwa amewafundisha kuomba. Amri alikuwa ameiruka, akiona haina adabu.

Alichukua chaki ikamvunjikia, akachukua nyingine, akaandika ubaoni maneno mawili mafupi, ya kumtoa mtu nje.

"Sikilizeni," alisema. "Hii ni amri. Haina tafadhali, haina je, haina ungeweza. Kitenzi kinakuja mbele, peke yake. Msimwombe. Semeni."

"Geti auti," walinong'ona.

"Tena!"

"Geti auti."

Na hapo ndipo chumba kilipoanza kubanwa, harufu ya nywele zilizoungua ikawa nzito hadi macho yakawatoka machozi, viti vyote kumi na kimoja vikaanza kukwaruza sakafu vikisogea peke yao kuelekea mlangoni ili kuuziba, na Mama Pacha, au kilichokuwa ndani yake, kikaacha upole na kuanza kumwita kila mmoja kwa sauti ya mtu wake aliyekufa, kwa Kiswahili sasa, Kiswahili kilekile kilichoibwa kwa mama wa watu, kikimwita Mzee Breki kwa sauti ya mkewe amfungulie baridi inamuua, kikimwita Fundi kwa sauti ya mama yake, kikimwita Mwalimu kwa sauti ya kaka yake aliyezama, hadi wawili kati yao wakapiga magoti wakilia na mdomo wa Fundi ukaanza kufunguka kujibu "karibu, mama," na Mwalimu akamziba kwa kiganja chenye chaki, akapiga ubao ngumi, akapayuka ile amri peke yake, na Mzee Breki, machozi yakimtiririka mashavuni, akampokea kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kufukuza watu mbele ya lori lisilo na breki:

"GETI AUTI!"

Wakasema wote. Wakasema mara ya pili, na ya tatu, na sauti ile iliyokuwa ikimaliza baada yao haikusikika.

Mlango ulifunguka kwa kishindo, ukapiga ukuta. Viti vilivyokuwa njiani vilirushwa pembeni. Kitu kisichoonekana kilishuka ngazi, kizito, hatua kwa hatua, na wachapaji waliokuwa chini waliapa baadaye kwamba karatasi zote mezani ziliinuka na kutulia. Kisha mashine zikanguruma tena.

Dobi aliachia mikono. Viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu.

"Maji," alisema Mama Pacha, kwa Kiswahili. Kisha akaangaza macho huku na huku. "Wanangu wako wapi?"

Waliletwa. Yule mkubwa alikimbia akamrukia shingoni. Mdogo alibaki kizingitini, hakuingia.

"Mama," alisema akiwa kulekule, "goti linaniuma."

"Goti gani, mwanangu? Uliumia lini?" Akashuka kitini, akatambaa kwa magoti hadi mlangoni, kwa kuwa miguu haikuwa na nguvu. "Nioneshe. Pole. Pole sana, mama. Nani alikuosha?"

Mtoto alimkagua uso wote. Kisha akainua gauni, akamwonesha.

Siku ya mtihani Mwalimu alimsindikiza. Alimsubiri kwenye benchi la nje, na hazikupita dakika tano mlango ukafunguliwa, Mama Pacha akatoka ameshika mkoba wake kifuani.

"Vipi?"

"Mtahini aliniuliza kitu. Nadhani jina langu. Mwalimu, sikuelewa. Hata hodi, hata asante, hata yale ya siku ya kwanza. Hakuna kilichobaki. Kile kitu kilipotoka kiliondoka na Kiingereza changu chote."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Akakaa kwenye benchi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na Mwalimu akamshika mkono bila kujua amwambie nini, maana ile kazi ya nchi ya mbali ndiyo ilikuwa imepotea hivyo, na kesho ni wodini tena kwa mshahara uleule.

Mama Pacha alijifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Twende," alisema. "Watoto wanatoka shule saa sita, na nimewaahidi nitakuwa getini."