Begonia Iliyonyweshwa na Watu Watatu

Fundi cherehani alisimamisha mashine yake, akatazama kibarazani. Begonia ilikuwa imelala tena. Majani yalining'inia kama nguo mbichi kwenye kamba. Akasonya.

"Hivi hili ua linanitakia nini?"

Hasira yake ilikuwa na sababu. Mama yake alipofariki, fundi alichukua kwake begonia tatu. Mbili zilishaoza. Hii ndiyo ya mwisho, na nyumba ya mama ilishauzwa. Ikifa hii, hana pa kwenda kuchukua nyingine.

Aliinuka, akajaza kopo, akamimina maji yote. "Haya, kunywa ushibe!"

"Nunua jingine, mke wangu," alisema mumewe. "Maua yamejaa tele huko kwa wauza miche."

"Si ulininunulia wewe? Likafa wiki ile ile! Usinichoshe."

"Hapo kuna kijicho," alisema mama mkwe kutoka jikoni. "Nilisema tangu mwanzo."

Jioni hiyo jirani yao, mtunza bustani wa zahanati, alikuja kuchukua suruali yake iliyokuwa ikipunguzwa. Aliona begonia, akainua chungu. Maji yakatiririka kutoka kwenye kisahani mpaka kwenye viatu vyake.

"Nani anamwagilia ua hili?"

"Mimi," alisema fundi.

"Mimi, kila asubuhi," alisema mumewe wakati huohuo.

"Na mimi," alisema mama mkwe. "Nikishaosha vikombe, siwezi kumwaga maji bure."

Watatu wakatazamana. Fundi alitamani kumrushia mtu kopo, ila hakujua aanze na nani.

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama," alisema jirani. "Mmeizamisha."

"Lakini majani yamelegea, jirani!" alisema fundi. "Si kiu hiyo?"

"Mizizi ikioza, hainywi tena. Ua lenye kiu hulala, na ua linalozama hulala vilevile. Usiulize majani, shemeji. Uliza udongo. Ingiza kidole mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Kidole kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi, kwenye udongo, siyo juu ya majani. Kisha mwaga maji ya kwenye kisahani."

"Na lile nililonunua mimi?" aliuliza mume. "Lilikuwa na maua kibao!"

"Maua yalikudanganya. Ukichagua begonia, bonyeza shina: liwe gumu. Geuza majani: yasiwe na madoa wala wadudu. Lenye machipukizi mengi na maua machache litakufaa zaidi."

Alibonyeza mashina ya begonia ya fundi, moja baada ya jingine. Karibu yote yalikuwa laini. La mwisho tu lilikuwa gumu. Fundi akainama kulitazama.

Jirani alikata kipande cha shina hilo chini ya kifundo, pale jani linapoota, akaondoa majani ya chini. Akakipanda kwenye kopo lenye matundu, katika udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga. "Kiweke penye mwanga," alisema, "lakini jua la mchana lisikipige."

Siku hiyo fundi alinyang'anya makopo yote ya maji, akayaficha chini ya cherehani. "Atakayegusa ua langu bila kuingiza kidole, atajishonea nguo mwenyewe!"

Wiki ya kwanza hakuna kilichoonekana. Wiki ya pili, hakuna. Mama mkwe alitaka kukichomoa aangalie mizizi. Yeye na fundi wakakosana nusu siku. Wiki ya nne, jani dogo likachipua, jekundu pembeni.

Miezi michache baadaye begonia ilitoa ua la waridi, rangi ileile ya maua ya kibarazani kwa mama yake. Fundi alisimama mbele yake, machozi yakimlengalenga. Mara mumewe akatokea, birika mkononi.

"Kidole kwanza!" mama mkwe alipiga kelele kutoka jikoni.

Mume akaingiza kidole, akakitazama. "Udongo mbichi."

"Basi rudisha birika," alisema fundi, huku akifuta macho, "uniache na mama yangu."