Bolti Iliyobaki

Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Hylke Zandstra, kahawa ilikuwa bado ya moto lakini baiskeli za majirani zilishaegemezwa kwenye ukuta wa banda. Mkewe, Baukje, alichungulia dirishani.

"Wateja wako wamefika, fundi," alisema.

"Usinicheke."

"Nakucheka kidogo tu. Maliza kahawa kwanza."

Hylke hakuwa fundi. Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa lori la maziwa, akizunguka mashamba ya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Kisha macho yake yakaanza kufifia. Leseni ya lori ikaondoka, naye akabaki nyumbani. Mtu aliyezoea kuamka kabla ya ng'ombe hajui afanye nini na asubuhi nzima. Akaanza kuzipanga upya kabati za jikoni. Baukje alivumilia, kisha akamwomba kwa upole aende akapange banda. Huko ndiko alikoanza kutengeneza baiskeli za watu.

Na kwa nini asitengeneze? Pale kijijini kila mtu hupanda baiskeli, kuanzia watoto wa chekechea hadi mchungaji. Kila mtoto hufundishwa nyumbani kuziba pancha. Gurudumu unaliacha palepale kwenye fremu. Unachomoa tyubu upande mmoja, unatafuta tundu kwa ndoo ya maji, unabandika kiraka, basi. Hylke alijua hayo tangu akiwa na meno ya utoto. Akadhani ufundi wote ndio huo.

Fundi wa kweli alikuwepo. Aliitwa Froukje, mwanamke mwenye sauti nzito na duka lililo karibu na daraja la mfereji. Siku moja alimsimamisha Hylke njiani.

"Kazi zimenizidi," alimwambia. "Njoo dukani nikufundishe, tusaidiane."

Hylke alicheka. "Mimi nifundishwe baiskeli? Kwa umri huu? Watu si watanicheka mpaka kanisani."

"Haya. Mlango uko wazi," Froukje alisema, akaendelea na safari yake.

Jirani wa Hylke, nyumba ya pili, alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Tjitske. Umri wake ulikuwa mkubwa lakini miguu yake ilikuwa bado na nguvu. Kwa baiskeli alienda kwaya, alienda kuogelea, alienda kumwekea mumewe maua kaburini. Gari hakuwa nalo wala hakulitaka. Baiskeli yake ilikuwa nyeusi, ya mtindo wa zamani, isiyo na breki za mkononi. Ukitaka kusimama, unakanyaga pedali kurudi nyuma.

"Tairi la nyuma limekwisha, Hylke," alisema siku aliyoileta. "Limebaki nyuzi tu."

"Iache hapa, Bi Tjitske. Jioni itakuwa tayari."

Lakini kubadilisha tairi si kuziba pancha. Gurudumu lazima litoke, na magurudumu ya nyuma ya namna ile Hylke hakuwahi kuyatoa. Alilegeza kila alichoona kimeshika. Akavisha tairi jipya, akarudisha gurudumu, akakaza nati. Alipomaliza, mezani palibaki bolti ndogo na kibanio cha chuma. Alivigeuzageuza. Alizungusha gurudumu, likazunguka vizuri.

"Hawa watu wa viwandani nao hupenda kuzidisha vitu," alijisemea. Akavitupa kwenye kopo la kahawa pamoja na bolti nyingine kuukuu.

Jioni Bi Tjitske aliichukua baiskeli yake. Alimletea Hylke mkate wa sukari aliouoka mwenyewe, naye akaula bila wasiwasi wowote.

Wiki iliyofuata, Baukje alirudi kutoka dukani uso umebadilika.

"Tjitske ameanguka," alisema. "Pale unaposhuka kutoka darajani, kwenye kona. Ameingia kwenye ua wa miti. Kifundo cha mkono kimevunjika."

"Aligongwa na gari?"

"Hapana. Anasema alikanyaga breki asipate kitu. Anasema ni uzee."

Hylke aliweka kijiko chini.

Siku ile ile mtoto wa Tjitske, Durk, alikuja kutoka mjini akiikokota baiskeli ya mama yake. "Ichukue, Hylke," alisema. "Vunja upate spea. Mama hapandi tena. Tumekubaliana mimi na dada yangu. Safari hii ni mkono, safari ijayo itakuwa nyonga."

Durk alipoondoka, Hylke aliinama nyuma ya gurudumu. Pale kwenye ekseli palikuwa na kipande kirefu cha chuma. Kilitakiwa kulala kimya kando ya fremu. Sasa kilikuwa kimezunguka, kimeinuka juu, kimekwaruza rangi yote. Kwenye mwisho wake kulikuwa na tundu la bolti.

Alikwenda kwenye kopo la kahawa. Akatafuta. Bolti iliingia kwenye tundu lile sawasawa.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikaa juu ya ndoo, bolti mkononi, mpaka Baukje alipomwita chakula. Alisema hana njaa. Usiku alisema ana mafua. Baukje hakuamini lolote.

Siku zikapita. Hylke aliwarudishia majirani baiskeli zao akisema mgongo unamsumbua. Alipopita mbele ya dirisha la Tjitske alitazama upande wa pili, kana kwamba kuna jambo muhimu kwenye paa la jirani. Lakini mwanamke huyo alimwona, akamgongea kioo.

"Ingia, Hylke. Kahawa ipo."

Aliingia, angefanyaje? Mkono wa Tjitske ulikuwa umefungwa plasta. Alimpa biskuti moja, kama ilivyo desturi ya huko, akafunika kopo la biskuti.

"Samahani kwa kazi yako," alisema. "Uliniwekea tairi zuri, mimi nikaenda kulitupa kwenye ua."

"Usiseme hivyo, Bi Tjitske."

"Ni kweli. Niliwahi kuwafundisha watoto wangu wote kusimamisha baiskeli. Sasa miguu yangu mwenyewe imesahau upande wa nyuma ni upi. Mkono utapona. Ila kichwa changu sikiamini tena." Alitazama nje. "Kaburini sijafika tangu siku ile. Durk anasema atanipeleka akipata nafasi. Anapata nafasi mara chache."

Hylke aliiweka biskuti mezani. Alitaka kusema. Mdomo ulifunguka, ukasema, "Kahawa nzuri." Akaaga. Nje alisimama kwenye mvua akijichukia.

Kutoka pale hakuingia ndani ya nyumba yake. Alichukua baiskeli ya Tjitske bandani, akaikokota mpaka dukani kwa Froukje.

"Itengeneze," alisema. "Kimya kimya. Nitasema tu kwamba tumeikagua."

Froukje alichuchumaa. Hakuhitaji muda mrefu.

"Nani alitoa gurudumu hili?"

"Mimi."

"Sogea uone." Alishika kile kipande kirefu cha chuma. "Huu ni mkono wa breki. Breki yenyewe iko ndani ya kitovu cha gurudumu. Ukikanyaga nyuma, nguvu yote ya kusimama inataka kuuzungusha mkono huu. Kibanio na bolti vinaufunga kwenye fremu ili usizunguke. Bila bolti, nati za ekseli zinaushikilia siku mbili tatu, kwenye barabara tambarare. Siku utakapokanyaga kwa nguvu, mteremkoni, mkono unazunguka, na breki hamna."

"Kwa hiyo si uzee."

"Uzee gani? Hata mimi ningeanguka." Froukje alisimama. "Baiskeli nitaifunga sasa hivi kwa bolti nyingine, ni kazi ndogo. Lakini Tjitske je? Yeye utamfunga na bolti gani?"

Hylke alianza kuufuta usukani kwa ncha ya shati.

"Atanichukia," alisema.

"Pengine. Lakini sasa hivi anajichukia mwenyewe, na hana kosa."

Jioni ile Hylke alibisha hodi kwa Tjitske. Durk alikuwepo, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi. Hylke hakuketi. Aliweka ile bolti mezani, karibu na kopo la biskuti.

"Hii ilitakiwa kuwa kwenye baiskeli yako," alisema. "Niliiacha nje. Sikujua kazi yake, na sikuuliza. Breki haikufanya kazi kwa sababu yangu. Miguu yako haikusahau kitu, Bi Tjitske. Nimejua tangu siku Durk alipoileta, nikanyamaza. Nimeona aibu. Bado naona."

Durk alifoka, "Yaani unamwacha mama yangu—"

"Nyamaza, Durk," Tjitske alisema. Aliichukua bolti kwa mkono mzima, akaitazama kwa muda mrefu. "Siku zote hizi nimejiita kikongwe. Nimeacha kwaya. Nimekuomba radhi wewe, Hylke. Mimi, nikakuomba radhi wewe."

"Ndiyo."

"Nenda nyumbani."

Alikwenda. Hakuna mlango uliobamizwa. Ingekuwa afadhali ungebamizwa.

Asubuhi iliyofuata, kabla duka halijafunguliwa, Hylke alikuwa amesimama mlangoni kwa Froukje.

"Bado uko wazi, huu mlango?" aliuliza.

Froukje alimtupia aproni. "Anza na ufagio."

Basi Hylke akawa mwanafunzi, na kichwa chake kina mvi. Watu walikuja kuona. Mwokaji mikate alimwuliza kama mwalimu amempa ruhusa ya kwenda chooni. Mzee wa kanisa alimwambia akue haraka awe fundi. Masikio ya Hylke yaliwaka moto, lakini alibaki palepale, mikono imejaa grisi.

Kwanza Froukje alimfundisha kuziba pancha.

"Hiyo naijua," Hylke alisema.

"Nionyeshe."

Hylke alipaka gundi, akabandika kiraka papo hapo.

"Ndiyo maana viraka vyako huvuja," Froukje alisema. "Kwaruza tyubu kwa msasa kwanza. Paka gundi nyembamba, ungoje mpaka ising'ae. Ndipo ubandike, ukandamize. Halafu pitisha vidole ndani ya tairi, taratibu. Mwiba uliotoboa jana bado umo humo, unakungoja."

Kisha alimpa kitambaa cheupe. Hicho ndicho Hylke alikipenda na kukiogopa kuliko vifaa vyote.

"Tandaza mezani. Kila unachokitoa, kiweke hapa kwa mpangilio wa kukitoa. Unaporudisha, anza na cha mwisho. Kitambaa kikibaki na kitu, kazi haijaisha. Usijiambie ni cha ziada. Hujui kitu, uliza. Na baiskeli haimrudii mwenyewe mpaka wewe uipande kwanza na kuisimamisha."

Majira ya baridi yalipita hivyo. Hylke alijifunza kunyoosha ringi kwa kukaza spoku, vile vijiti vyembamba vya chuma, kidogo kidogo. Alijifunza kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume na ya kulia. Alijifunza kuuliza, na hilo lilimchukua muda kuliko spoku. Mara chache alikutana na Tjitske barabarani. Tjitske alimsalimia kwa kichwa tu. Baiskeli yake, ambayo Froukje alikuwa ameifunga vizuri na kumrudishia, ilikaa nyumbani kwake, haitoki.

Maua ya manjano yalipoanza kuchanua kandokando ya mfereji, kengele ya mlango wa duka ililia. Tjitske aliingia akikokota baiskeli nyeusi. Plasta ilikuwa imetoka zamani.

"Tairi la nyuma," alisema. "Ule ua wa miti uliliumiza. Nataka jipya."

"Nitalitengeneza sasa hivi," Froukje alisema.

"Sikukuambia wewe." Tjitske alivuta kiti, akaketi karibu na meza. "Nataka afanye yeye. Nitaangalia."

Hylke alitandaza kitambaa. Akatoa bolti, akaiweka. Akaweka kibanio pembeni yake, kisha nati, moja baada ya nyingine. Tairi lilivaa, gurudumu likarudi, nati zikakazwa. Mwisho Hylke aliufunga mkono wa breki kwenye fremu. Tjitske aliinama, akaushika, akautikisa kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

"Sasa panda wewe," alisema. "Mpaka darajani, ushuke kwenye kona ileile."

"Kiti kiko chini mno kwangu, Bi Tjitske."

"Najua."

Hylke alipanda, magoti yakimfikia karibu kidevuni. Mwokaji mikate alitoka nje kutazama. Alimwita na mkewe. Hylke alipanda daraja, akashuka upande wa pili, akakanyaga nyuma kwa nguvu. Baiskeli ilisimama hapohapo, mbele ya ua wa miti. Watu walipiga makofi na kumcheka, naye akarudi masikio yakiwa mekundu.

Tjitske aliichukua baiskeli. Alisimama nayo kidogo, akashika usukani, akavuta pumzi. Kisha akapanda. Alivuka daraja taratibu, akapotea nyuma ya kilele chake. Wakasikia kengele ya baiskeli. Kisha wakamwona kule chini, amesimama wima kwenye kona, mguu mmoja ardhini. Hakugeuka. Alipiga kengele tena, akakata kona, akashika njia ya makaburini.

Hylke aliingia ndani kukunja kitambaa. Alikigeuza pande zote mbili, akakitazama chini ya taa. Hakikuwa na kitu.