Aliyelala Badala Yake

Kitanda kilikuwa na joto. Mama Kidoti aliweka kiganja juu ya shuka, akakitoa haraka, akakiweka tena. Katika ile nchi ya watu alikuwa na hakika na jambo moja tu: hakuwa amelala kwenye kitanda kile hata kidogo.

Hasira zake na kitanda hicho zilianzia kwao, ofisini kwa Mkurugenzi. Mama Kidoti alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha maboksi ya katoni. Mashine ya kukatia ilikuwa imechoka, na ng'ambo ilipatikana nyingine iliyokwisha kutumika. Mtu mwenye akili zake angempa fundi wiki nzima akaikague. Mkurugenzi alimpa siku moja: ashuke kwenye ndege alfajiri, apande nyingine alfajiri ya kesho yake.

"Siku moja ukiitumia vizuri ni kama wiki," alimwambia huku akijizungusha kwenye kiti. "Ukimaliza mashine, pitia maduka ya vipuri. Onana na wale wa gundi, onana na wale wa wino. Tumia kila kitu, Mama Kidoti. Kila kitu!"

"Na hoteli, bosi?"

"Hoteli tumeshailipia. Nayo itumie."

Aitumie saa ngapi, hilo hakulisema. Watu wa namna hii hawasemi. Wao wanatoa amri, hesabu ya saa wanakuachia wewe.

Basi alikimbia. Aliikagua mashine kwa mgongo na kwa magoti, akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi, akaenda kwa watu wa wino, wakampiga kalenda, akawasubiri. Jioni alipita hotelini kubadili viatu tu, maana watu wa gundi walikuwa bado wanamngoja na maduka ya vipuri upande ule yalikesha wazi. Ndipo akakiona kitanda. Kilikuwa kikubwa, cheupe, kimenyooshwa vizuri, na miguu yake ilikuwa inawaka moto. Akapandwa na hasira hata machozi yakamlengalenga.

"Kilipiwe halafu kisilaliwe!" alisema peke yake.

Akatoa mkobani gauni lake la kulalia, lile la kijani lililopauka kola, akalitandaza kitandani, mikono huku na huku, kola juu ya mto.

"Haya, lala wewe badala yangu. Mimi sina muda."

Akacheka utani wake mwenyewe, akafunga mlango, akaenda zake.

Alirudi kunapambazuka, kuchukua mkoba awahi uwanja wa ndege. Gauni halikuwa juu ya shuka tena. Lilikuwa chini ya blanketi, limefunikwa mpaka shingoni, na mto umebonyea katikati. Chumba kizima kilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, na mshumaa haukuwepo.

"Hawa watu wa usafi hawana adabu," alinung'unika alipokwisha kukipapasa kile kitanda chenye joto, akalikunja gauni, nalo lina joto kama limetoka kwenye pasi, akalisokomeza mkobani.

Alifika nyumbani usiku, mumewe na binti yao wameshalala. Kwa kuwa Mkurugenzi alitaka ripoti mezani asubuhi, hakuingia hata chumbani. Aliuacha mkoba mlangoni, akakaa sebuleni na kompyuta mpaka kukacha.

Asubuhi mumewe alitoka anajinyoosha, uso umejaa furaha ya mtu aliyerudishiwa mke.

"Jana umelala kama gogo, mama. Na huko kukoroma umeanza lini?"

"Baba Kidoti, mimi nimekesha hapa."

"Acha utani bwana. Nilikufunika mwenyewe."

"Ulimfunika nani?"

Kicheko kikamwishia mdomoni. Wote wawili wakageuka kuutazama mlango wa chumba. Mkoba ulikuwa pale pale ulipoachwa, zipu wazi.

Tangu siku hiyo Mama Kidoti hakupata usingizi. Si kwamba alipata kidogo, hakupata kabisa. Alilala chali akikodolea macho dari, na kila alipoinuka kwenda kunywa maji alisikia nyuma yake, kwenye nafasi aliyoiacha, mtu anageuka na kuvuta shuka. Gauni alilitupa jalalani. Alilikuta chini ya mto wake, limenyooshwa. Alijaribu kulichoma, moto ulikataa kulishika, ila moshi ulikuwa ule ule wa mshumaa. Mumewe akahamia kwenye kochi. Kazini alifunga nati na kuzifungua bila kujua alikuwa anafunga au anafungua, na Mkurugenzi akamgongea dirisha: "Unapoteza muda, Mama Kidoti!"

Kidoti, aliyekuwa darasa la kwanza, ndiye pekee aliyekuwa na raha.

"Mama, ukilala unakuwa mpole," alisema siku moja akivalishwa soksi. "Huniharakishi. Unaniimbia ule wimbo usio na maneno."

Mama Kidoti alishindwa kuivuta soksi ya pili. Ilimuuma kuliko ilivyomtisha. Yeye aliamka, alifua, alipika, alikimbia, na sifa za upole zinakwenda kwa kitu kilicholala!

Jumamosi mchana, jua likiwaka mpaka sakafu ya jikoni inang'aa, alikuwa anasugua sufuria aliposikia mkoromo chumbani, naye alijua mumewe yuko dukani na mlango wa chumba aliufunga mwenyewe, akajifuta mikono kwenye nguo aliyovaa huku mkoromo ukilainika na kuwa wimbo wa puani, wimbo wa taratibu, usio na neno hata moja, akanyata ndani ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi, na kila alipopiga hatua harufu ya mshumaa ilizidi kumkaba, na alipousukuma mlango akaliona gauni la kijani limelala kitandani, limejaa, mabega yamejaa, kifua kinapanda na kushuka, mkono wake mmoja umemkumbatia Kidoti, na juu ya kola, pale ambapo kichwa kilipaswa kuwa, mto ulikuwa umebonyea na hapakuwa na kitu.

Kidoti alifumbua jicho moja, akaweka kidole mdomoni.

"Shhh," alinong'ona. "Utamwamsha Mama."

Hofu ilimtoka pale pale, ikabaki hasira tupu. Alimnyakua mtoto, akalivuta gauni kwa mkono mwingine, likawa zito kama mtu anayekataa kuamshwa, halafu ghafla likawa nguo.

Mumewe aliwapeleka kwa Bi Mapazia. Mwanamke huyo aliuza mapazia ya mitumba, na nyuma ya duka, katikati ya marobota, alitibu watu waliosumbuliwa na majini. Alilinusa gauni, akageuza uso pembeni.

"Huyu hakukuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimpa kazi."

"Ulikuwa utani, bibi!"

"Wenzetu hawajui utani. Ulimwambia alale badala yako, hukumwambia mpaka lini. Na sasa amezoea. Ameanza na usingizi, ameingia kwenye kulea. Akimaliza hiyo, wewe utabaki kufanya nini humo ndani?"

Mama Kidoti alimkaza mtoto kifuani. "Mfukuze."

"Aliyepewa kazi hafukuzwi. Anahamishwa. Apatikane mtu mwingine asiye na muda, amtake kwa kinywa chake mwenyewe, hapo utalala." Bi Mapazia akalirudisha gauni kwa ncha za vidole. "Lakini mwenye akili gani atamtaka?"

Mama Kidoti alimjua mmoja.

Jumatatu aliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi, akalitupa gauni juu ya meza. Alimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho.

"Ulisema nitumie kila kitu! Nimetumia mpaka usingizi wangu. Leo mwanangu anaiita nguo mama!"

Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa.

"Ngoja kwanza. Huyo analala, wewe unabaki macho usiku na mchana?"

"Ndiyo."

"Na huchoki?"

"Sichoki. Nakauka."

"Mimi usiku unanipotea bure kila siku. Basi huyo ndiye ninayemtaka mimi. Mwache hapa, alale badala yangu."

Juu ya meza, kifua cha gauni kilipanda kidogo, kikashuka. Mkurugenzi alikuwa ameshageukia simu.

Jioni hiyo Mama Kidoti alilala kabla ya chakula. Aliamka jua likiwa juu, Kidoti amemlalia tumboni, udenda umelowesha nguo. Akalia kwa furaha bila kujizuia. Kazini alichelewa, na wala hakujali.

Lakini Mkurugenzi alianza kubadilika. Gari lake halikutoka tena kiwandani. Ngozi ilimkauka ikawa kama katoni, macho mekundu, hapepesi, na furaha isiyokatika. Mchana kweupe, kutoka stoo ya karatasi nyuma ya ofisi yake, mkoromo ulisikika. Watu walicheka kwa kificho. Mama Kidoti hakucheka.

Kisha akawakusanya wote karibu na ile mashine ya ng'ambo, iliyokwisha kufika.

"Nimepata dawa ya uvivu," alisema. "Kuanzia sasa hapa hakuna zamu ya usiku wala ya mchana, ni kazi moja kwa moja. Kesho kila mmoja aje na vazi lake la kulalia."

"Msilete!" Mama Kidoti alipiga kelele. "Jamani, msilete kitu!"

"Wewe ndiye uliyetuletea," Mkurugenzi alimjibu akitabasamu. "Leo unakuwa mchoyo?"

Stoo ikanyamaza. Halafu ukatoka ule wimbo wa taratibu, usio na maneno. Mama Kidoti akageuka kuwatazama wenzake, akitafuta japo mmoja mwenye uso wa hofu kama wake. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni mama mmoja mpakiaji, mjane anayefanya zamu mbili ili watoto wake wasome, aliyekuwa akisinzia wima. Alimvuta Mama Kidoti mkono, akamsogezea mdomo sikioni.

"Kwani kweli mtu hachoki?" alinong'ona. "Mimi nalalia fulana ya marehemu mume wangu. Hiyo nayo itafaa?"