Hiba ya Somoe

Ufagio ulianza kusikika mchana, chumbani, wakati watu wote wa nyumba walikuwa uani wakila. Hija aliinua kichwa. Jamali, mumewe, akasema ni panya.

"Panya gani anafagia?" Hija aliuliza.

Kulikuwa na harufu pia, ya mninga uliopasuliwa sasa hivi, ingawa karakana ya Jamali hapo Temeke ilikuwa imefungwa mwezi mzima. Madawati aliyozitengenezea shule za vijiji vya ujamaa hayakulipwa, mbao alizichukua kwa mkopo, na sasa alijiandaa kwenda mahakamani kuomba atangazwe amefilisika. Kila kilicho chake kingeuzwa.

Ndiyo maana, juma lililopita, aliitoa nyumba kwa hiba, zawadi ya ndugu kwa ndugu. Alikuwa na dada watatu Lindi, lakini hakumwamini hata mmoja. Aliogopa kwamba atakayepewa nyumba kwa uongo ataishika kwa kweli. Akabuni dada wa nne, akamwita Somoe. Rafiki yake Nassibu, karani, akaandika hati na kuirudisha tarehe nyuma miaka mitatu, mahakama isije ikaitilia shaka. Hiba haitimii mpaka anayepewa aseme amepokea, kwa hiyo Nassibu alipouliza nani anapokea, Jamali alilegeza sauti kama mwanamke akasema, "Nimepokea, kaka." Walicheka mpaka Nassibu akamwaga wino.

Ufagio haukukoma. Jirani mmoja akamsifia Hija wifi yake, mrefu, mpole, anayeitikia salamu bila kugeuza uso. Kisha Mwanaidi, binti yao wa miaka sita, akaacha kula nao. Alijifungia chumbani, na humo zilisikika sauti mbili.

"Shangazi anasema nyie ndio mmemkuta," alimnong'oneza mama yake. "Yuko hapa miaka mitatu."

Hija hakungoja ruhusa ya mtu. Alimleta Bi Sikitu, mganga wa Mbagala. Mama huyo alivusha mguu mmoja kizingitini, akaurudisha, akauliza nyumba ni ya nani. Jamali akalazimika kueleza yote, macho chini.

"Mie natoa mgeni," alisema Bi Sikitu, akiufunga ubani wake kitambaani. "Mwenye nyumba simtoi. Umeita jina lisilo na mtu, jini kaliitikia. Nenda kwa hakimu, useme ni uongo."

Hija alimshika mumewe mkono. "Tutakwenda Kawe kwa kaka yangu, tulale chini. Mie namtaka mtoto tu, baba Mwanaidi."

Jamali aliahidi.

Siku ya kesi hakimu aliinua ile hati, akamuuliza kama kweli ana dada aitwaye Somoe na kama kweli alimpa nyumba. Jamali aliwaona wadai wake wamejipanga kwenye benchi, akamwona askari mlangoni, akaifikiria jela ya mtu aliyeidanganya mahakama, akaifikiria nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, akajiambia waganga wapo wengine, Bagamoyo wapo, Tanga wapo, mtoto atatibiwa, lakini nyumba ikienda imekwenda, na huku mkono wake ungali juu ya msahafu akasema, polepole, kwamba ni kweli, na kwamba dada yake anaishi humo.

Nyumba ikaondolewa kwenye mali za kuuzwa.

Alipofika Temeke alimkuta Hija barazani, kucha zimevunjika, vidole vinatoka damu. Alikuwa ametoka kidogo kuchota maji, mlango ukajifunga nyuma yake. Jamali alikimbilia shoka, akaupiga mlango, akaupiga tena, na shoka likawa linarudi bila kuacha hata alama, na ndani ufagio ukawa unafagia bila haraka kutoka chumba hadi chumba, na harufu ya mninga ikazidi mpaka koo likawasha, na mwanamke akawa anabembeleza mtoto kwa sauti ya chini, mpaka mwishowe komeo likasogea na mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja.

Alikuwa Mwanaidi, amesukwa nywele upya.

"Toka, mwanangu," Hija alisema.

Mtoto alimtazama mama yake, kisha baba yake.

"Shikamooni," alisema kwa adabu. "Mnamtaka nani?"