Hasira Iliyolazwa Usingizini

Enyi kusanyiko, tegeni masikio. Kiwanda cha nguo kilipobinafsishwa, mume wa rafiki yangu Martina alipunguzwa kazi.

“Wifi, bwana wako sasa atafuma vikapu!” Jesca, mke wa kaka yake Martina, alimtania kwenye harusi moja ya ukoo.

Utani wa mawifi haununiwi, basi Martina akacheka, akaimeza hasira. Kila usiku aliota akimfungia Jesca ghalani, akaamka moyo mweupe, asione haja ya kupatana.

Siku moja alipanda milimani Mgeta kununua viazi kwa Jesca. Alipoingia ghalani mwake kuvichagua, mlango ukajifunga. Akapiga ukelele gizani.

“Nawe umefungiwa, wifi?” Jesca akauliza kwa nje. “Mimi huamkia humo kila alfajiri, wala simjui anifungiaye.”

Martina akaupapasa mlango. Mbao zilikuwa zimechimbwa kwa kucha, zingali na damu mbichi.

Ndugu, jua lisichwe nawe umeficha hasira. Nenda leo, ukapatane.